Kiraka cha Tomeji

Magosaku alikuwa fundi wa nyumba, baba yake alikuwa fundi wa nyumba, na babu yake pia, ingawa huyo babu wanasema alipenda zaidi kuvua samaki wa mtoni kuliko kushika randa. Walikaa Kamiyuno, juu kabisa bondeni, ambako theluji huanza kabla watu hawajamaliza kuanika figili zao, na haiondoki mpaka mtu amesahau udongo una rangi gani. Fundi wa huko hajengi kwanza kwa ajili ya macho. Anajenga ili nyumba isivunjike mgongo mwezi wa pili, theluji ikikaa juu ya paa kama ng'ombe aliyekataa kuondoka.

Mdogo wake aliitwa Tomeji, wamepishana miaka saba. Wazazi wa huko wakichoka kuzaa humpa mtoto jina kama hilo, lenye maana ya kukoma, ni kama kuuambia mlango sasa ujifunge. Na ulijifunga. Mama yao hakuzaa tena, na Magosaku ndiye aliyembeba Tomeji mgongoni, akamfuta kamasi, akamfundisha kutembea juu ya theluji na viatu vya majani ya mpunga. Mambo kama hayo mtu akiyafanya utotoni hujisahau akadhani atakuwa mkubwa wa mwenzake katika kila jambo, milele.

Baba yao hakuwafundisha kazi. Hakuna baba fundi aliyefundisha siku zile. Ukiuliza kitu alikutazama kwanza, kisha akasema, "Macho unayo? Basi iba." Kwa hiyo waliiba. Waliiba namna ya kunoa patasi, namna ya kusikiliza mbao kwa kuigonga, namna ya kutupa uzi wa wino ukanyooka. Vingine waliviiba vizima, vingine nusu.

Sasa, skwea ya fundi wa huko ni ya chuma chembamba, na ina sura mbili. Mbele kuna alama za kawaida, sun kwa sun. Sun moja ni kama upana wa kidole gumba cha mtu mzima, na sun kumi zinafanya shaku moja. Ukiigeuza, nyuma kuna alama nyingine, zilizotanuka. Sun moja ya nyuma ni urefu wa kukatisha mraba wa sun moja, kutoka kona mpaka kona. Kwa hiyo paa likiwa linashuka sawa pande mbili, boriti ya kona inapita katikati ya mraba, na fundi hana haja ya hesabu yoyote. Pande ni shaku saba kwa saba? Anageuza skwea, anahesabu saba za nyuma, anapiga mstari. Hata asiyejua kuandika jina lake anaweza. Waliobuni skwea ile zamani waliibebesha hesabu nzima mgongoni, fundi asiumwe kichwa.

Siku moja, Magosaku akiwa kijana, wako juu ya banda la kufugia nondo wa hariri, alimsikia baba yake akijisemea peke yake: "Pande zikipishana kidogo, chukua katikati, geuza skwea." Magosaku akayaiba maneno hayo. Neno "kidogo" hakuliiba.

Na maneno yalifanya kazi, hilo lazima lisemwe. Kwa miaka ishirini yalifanya kazi. Upande mmoja shaku sita, wa pili sita na nusu, anachukua katikati, anageuza skwea, boriti inaingia kwenye tundu lake kama mguu kwenye soksi. Upungufu ulikuwepo, lakini ulikuwa mwembamba kuliko meno ya msumeno, nani angeuona? Baba alipofariki, bonde zima lilimwita Magosaku "Fundi" bila kutaja jina, na Tomeji akafanya kazi chini yake pamoja na vibarua wanne watano, kadiri ya msimu.

Mwaka wa thelathini wa enzi ya Showa, yaani 1955, hamamu ya Kamiyuno ilivunjwa na theluji. Hamamu pale si jengo tu. Maji ya moto yanatoka ardhini yenyewe, na kila jioni mji mzima unakwenda kukaa humo mpaka shingoni, wanaume huku, wanawake kule, na mambo yote ya mji huamuliwa humo kabla hayajafika ofisini. Mzee Nagumo, mwenye kiwanda cha sake, ile pombe ya mchele, akawa mwenyekiti wa ujenzi, na Magosaku akapewa kazi.

Kiwanja kilikuwa kibaya. Nyuma kuna jabali, kulia kuna barabara inayobana. Kwa hiyo paa liliegemea jabali kwa nyuma, na mbele likawa na kona mbili. Kona ya kushoto ilikuwa shaku nane kwa nane, haina neno. Ya kulia, kwa sababu ya barabara, mteremko wa pembeni ulilazimika kuwa mkali: shaku sita upande huo, na nane upande wa mbele.

Magosaku alichora ramani ya paa kwa wino juu ya ubao wa mwerezi, kama ilivyo desturi, akapima boriti ya kona ya kulia, akapiga mstari. Ilikuwa alasiri, vibarua wako kiwanjani wanapanga mawe ya msingi. Karakanani walikuwa wawili tu, yeye na mdogo wake. Jambo hilo lilimsumbua sana baadaye, kwamba walikuwa wawili tu.

"Kaka," Tomeji alisema, msumeno mkononi, "hii ya kulia umeipimaje?"

"Nimeipima kama kona."

"Ni sita huku na nane huku."

"Unanihadithia mimi? Si nimechora mwenyewe?"

"Basi umechukua saba."

"Saba. Kila upande unapata haki yake. Kama mimi na wewe tulivyokuwa tunagawana mochi."

"Mochi uligawa wewe, na kubwa ukala wewe."

Magosaku akacheka. Tomeji hakucheka. Alichukua kipande cha mkaa akachuchumaa juu ya sakafu ya udongo.

"Nisikilize, kaka, usinikatize. Sita mara sita ni thelathini na sita. Nane mara nane ni sitini na nne. Ukijumlisha unapata mia. Namba gani ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata mia? Ni kumi. Hiyo boriti inakatisha shaku kumi. Ukigeuza skwea kwa saba unapata tisa na sun tisa. Sun moja haipo. Tutaitafuta wapi, siku ya kusimamisha paa?"

Majira yale ya baridi yaliyopita, wakati theluji imezuia kazi na kila mwanamume wa bonde anasuka kamba kando ya moto, Tomeji alikuwa anakwenda kwa mwalimu wa shule ya msingi, Hirabuki, mpangaji wa nyumba ya jirani. Alikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, ana miaka thelathini na nne. Mji ulimcheka kidogo. Magosaku alimcheka zaidi.

"Kumbe ndicho ulichokwenda kujifunza," alisema sasa. "Walikupa na maziwa ya unga, kama watoto wenzio?"

"Walinipa. Mabaya. Kaka, angalia."

"Kona gani ya nyumba gani ilishaikataa skwea yangu? Taja moja."

"Zile zilikuwa zinapishana nusu shaku. Kosa lilikuwepo, ila dogo. Hapa pande zinapishana shaku mbili nzima." Kisha Tomeji akasema kitu ambacho Magosaku alikisikia kwa miaka yote iliyobaki. "Ile skwea kubwa ya mbao tuliyopigilia juzi kiwanjani. Upande wa tatu, upande wa nne, ulalo wa tano. Tumepimia pembe za nyumba na mbao hizo tangu enzi za babu. Hii ni ileile, kaka. Zidisha mara mbili tu. Sita, nane, kumi."

Na hapo Magosaku aliona. Kwa muda mfupi, kama mtu anayefungua dirisha na kulifunga, aliona mbao zile tatu zikinyanyuka kutoka ardhini na kukaa juu ya paa, na ulalo wake ni kumi, si tisa na kitu. Aliona kwamba alikuwa ameishika jawabu mikononi maisha yake yote, akaipigilia misumari, akaikanyaga, wala hakujua ni nini. Masikio yakamwaka moto. Hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumwonea aibu, ila mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimfuta kamasi.

"Kata," alisema.

"Basi nikate niache sun mbili za ziada. Ikizidi tutaipunguza hukohuko juu. Hasara yake nini?"

"Mstari nimepiga mimi. Wewe shika msumeno."

Tomeji akafuta namba zake kwa nyayo, akakata. Alikata vizuri sana, mbao ikatoka laini kama imepakwa mafuta. Kipande kilichobaki kilikwenda kwenye kapu la kuni.

Siku ya kusimamisha paa ilichaguliwa kwenye kalenda, maana zipo siku ambazo fundi akisimamisha paa, nyumba hiyo huunguza na majirani. Ilikuwa siku njema, jua jeupe. Mji mzima ulikuwa chini na vikapu na aproni zimekunjuliwa, wakingoja mochi, zile keki za mchele uliotwangwa ambazo fundi hurusha kutoka juu paa likishasimama. Nguzo zikasimama, mtambaapanya ukakaa mahali pake, boriti ya kona ya kushoto ikaingia kwa nyundo mbili. Ya kulia ikapandishwa kwa kamba. Ikalazwa. Ulimi wake ukaelekea kwenye tundu, na ukaishia hewani. Nafasi iliyobaki mtu angeweza kupitisha kidole gumba.

Kelele za chini zilipungua moja moja.

"Vipi huko juu?" Mzee Nagumo aliita. "Mochi zinakauka!"

Mzee Nagumo akasogea mpaka chini ya kona ya kulia, akaangalia juu.

"Fupi? Boriti fupi? Nani kaikata hiyo?"

Vibarua walimtazama Tomeji, kwa kuwa msumeno ulikuwa wake. Tomeji alimtazama kaka yake. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayemshikilia mwenzake mlango apite.

"Nilipiga mistari miwili," Magosaku alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Amekata wa ndani."

Hapakuwa na mistari miwili. Alisikia maneno yakitoka na alidhani atayarudisha baada ya pumzi moja. Pumzi ilipita, na nyingine. Kisha Tomeji, juu ya ubao wa jukwaa, akainama kuelekea chini kwa watu wote, kichwa mpaka magotini.

"Nimekata wa ndani," alisema. "Naombeni radhi."

Yeye mwenyewe ndiye aliyeokoa siku. Alichonga kipande cha mti mgumu wa chestnati, akakiingiza kati ya ulimi na tundu, akakifunga kwa bamba la chuma, na boriti ikashika. Mochi zilirushwa. Watoto waligombana. Magosaku alirusha kwa mikono miwili, akicheka kwa nguvu, na Shige, mkewe, aliyekuwa chini na aproni yake, hakuokota hata moja.

Jioni Shige alimuuliza, "Hivi wewe tangu lini unapiga mistari miwili?"

"Kula," alisema.

Hamamu haiwekwi dari, mvuke utaiozesha. Kwa hiyo ukikaa kwenye maji ya moto upande wa wanaume na ukiegemeza kichwa kwenye ukingo, kile kipande unakiona juu yako, cheusi kuliko boriti, na bamba lake. Watu wakakipa jina wiki ya kwanza. Kiraka cha Tomeji. Na watu wa bonde lile, theluji ikiwafungia ndani miezi mitano, neno moja la kuchekesha halimalizwi upesi. Mwanamke akikosea kukata kitambaa cha kimono, amekata kitomeji. Muuza tofu ya soya akipunja, anaulizwa, "Mama, leo tofu ya Tomeji?" Mtu akichelewa mkutanoni, "Huyu naye kapungua sun moja." Hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walimpenda Tomeji, walimtania usoni, naye alicheka.

Lakini wenye nyumba walimfuata Magosaku pembeni. "Fundi, usichukie. Kwenye yangu mdogo wako asishike msumeno, eh? Abebe tu." Na Magosaku akasema sawa. Hilo ndilo hasa lililomla baadaye, kuliko hata lile neno la juu ya paa. Neno la kwanza lilimtoka ghafla. Zile "sawa" alizisema taratibu, moja baada ya nyingine, miaka miwili, akiwa amekaa, na chai mkononi.

Kila usiku alipanga kusema kesho. Kesho, akimaliza nyumba ya posta. Kesho, baada ya mwaka mpya. Alijiambia kwamba fundi asiyeaminika hapati kazi, na nyumba sita zilikula kupitia mkono wake. Ilikuwa kweli. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kujificha nyuma yake.

Mwaka wa tatu, theluji ilipoyeyuka, Tomeji alimchukua mkewe Hatsue na binti yao mchanga, wakapanda treni kwenda Hokkaido, kisiwa cha mbali cha kaskazini. Alipata kazi kwenye kiwanda cha masanduku ya samaki. Mtu aliyeweza kuchonga kiungo ambacho hakipitishi hata unywele, akapigilia masanduku ya dagaa. Stesheni Magosaku alimpa maandazi ya mvuke yamefungwa kwenye kitambaa.

"Kaka," Tomeji alisema dirishani, "usinywe sana."

"Na wewe vaa soksi."

Ndivyo walivyoagana.

Kila mwaka mpya kadi ilikuja. *Sisi wazima. Theluji ya huku ni nyepesi.* Na Magosaku alijibu kwamba nao wazima, na theluji ya Kamiyuno ni ileile. Siku moja alikwenda kwa Mwalimu Hirabuki, kabla hajahamishwa, akamwomba amwonyeshe ile ya sita na nane. Mwalimu alimwonyesha kwa robo saa. Robo saa! Tangu hapo hakuchukua tena katikati. Paa likiwa na pande zisizolingana alizidisha, akajumlisha, akatafuta namba yake, na boriti zake zilikaa barabara. Mji ulimsifu kuliko zamani.

Tomeji alirudi mara moja tu, kwa kumbukumbu ya mwaka wa saba wa kifo cha mama yao. Jioni walikwenda hamamu. Walikuwa wamewahi, hamna mtu, mvuke umejaa. Magosaku alikaa nyuma ya mdogo wake akamsugua mgongo. Ulikuwa mgongo wa mzee tayari, na makovu ya misumari mikononi.

Tomeji aliinua macho. "Kumbe bado kipo."

"Kipo."

"Kimeshika vizuri. Nilihofia bamba litapata kutu."

Magosaku alimwagia maji mabegani, ndoo moja, kisha ya pili, ingawa povu lilikuwa limekwisha.

"Kaka, siku hizi ukipata kona isiyolingana unaipimaje?"

"Kama ulivyosema wewe."

Tomeji hakugeuka. Mabega yake yakatikisika kidogo, Magosaku hakujua kama ni kicheko. "Ee," alisema. "Vizuri. Hiyo inatosha."

Haikutosha, na Magosaku alijua haitoshi. Alikuwa amefungua kinywa. Alikuwa amesema "Tomeji, siku ile," na hapo mlango ukasukumwa, akaingia Mzee Nagumo na tumbo lake, na nyuma yake Gonpei muuza mkaa na wengine wawili, taulo vichwani.

"Aa! Mwenye kiraka kaja!" Gonpei alipiga kelele. "Tomeji, mali yako ipo, tunakutunzia!"

"Kodi yake mnanilipa lini?" Tomeji alijibu, na hamamu nzima ikaangua kicheko.

Mzee Nagumo akasema, "Huko Hokkaido masanduku yako yanafunga, au samaki wanachungulia?"

Na Magosaku alicheka. Alicheka pamoja nao. Si sana, lakini alicheka, huku mkono wake ungali juu ya mgongo wa mdogo wake, na mgongo ule ulikisikia kile kicheko. Alihisi ukikaza. Kesho yake asubuhi Tomeji aliondoka na treni ya kwanza.

Ikapita miaka kumi na mbili mingine ya kadi.

Mwezi wa kumi na mbili, Magosaku ana miaka sitini na mitatu, iliingia kadi yenye ukingo wa kijivu. Kadi hizo kila mtu anazijua kabla hajasoma. Zinasema, kwa adabu, kwamba mwaka huu hatutaweza kusalimia mwaka mpya, kwa kuwa tuna msiba. Hatsue alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa mkono: mume wangu Tomeji, mwezi wa kumi, mapafu.

Magosaku aliisoma akiwa amesimama kizingitini, theluji inamwangukia. Kisha akachukua ndoo yake na taulo, akaenda hamamu, ingawa ilikuwa bado saa tisa.

Alikaa majini mpaka wakajaa. Mzee Nagumo alikuwa ameshafariki, lakini Gonpei alikuwepo, na mtoto wa Nagumo, na mkuu wa posta, na wazee wengine sita saba.

"Tomeji amefariki," alisema.

Gonpei akavua taulo kichwani. "Pole, Mzee Mago. Pole sana. Alikuwa mtu wa utani yule."

"Nina neno. Ile boriti," na akaonyesha juu, "hakukosea yeye. Nilikosea mimi. Mstari ulikuwa mmoja, na niliupiga mimi, na aliniambia ni mfupi, nikamlazimisha akate."

Maji yalisikika yakiingia kutoka kwenye bomba la mianzi. Gonpei alimtazama mkuu wa posta, mkuu wa posta akatazama maji.

"Mzee Mago," Gonpei alisema polepole, "una moyo mkubwa."

"Si moyo. Nakwambia ilivyokuwa."

"Tunakuelewa. Marehemu ni mdogo wako, unataka kumsafisha. Hata mimi ningefanya hivyo."

"Gonpei, wewe punguani! Njoo hapa!" Alitoka majini, uchi, mwekundu kama kaa aliyechemshwa, akapiga magoti kwenye sakafu ya vigae vya mraba. Akahesabu sita kutoka kona kwenda huku, akaweka ndoo. Nane kwenda kule, ndoo nyingine. Akafunga taulo kwa taulo, akazivuta kutoka ndoo mpaka ndoo. "Shikeni! Shikeni hapo, msiachie!" Kisha akailaza ile kamba ya taulo kando ya mstari wa vigae, na wote, wazee uchi wameinama, wakahesabu kwa sauti. Kumi. Kumi kamili, haikuzidi wala kupungua.

"Lo!" alisema mtoto wa Nagumo. "Kweli kumi."

"Mimi nilichukua saba na saba. Inatoa tisa na kitu. Sun moja imepungua. Ndiyo ile pale juu!"

"Hesabu tumeiona," mkuu wa posta alisema kwa upole mwingi. "Haina ubishi. Lakini hesabu haituambii mstari aliupiga nani, Mzee. Na Tomeji mwenyewe aliinama akakiri, mji mzima ukimsikia. Nilikuwepo, nilikuwa nangoja mochi."

"Alikiri kwa sababu yangu!"

"Na wewe," Gonpei alisema, "fundi uliyejenga nusu ya bonde hili na hakuna hata paa moja lililokaa vibaya, unataka tuamini hukujua hesabu ambayo hata mimi muuza mkaa nimeielewa sasa hivi?"

"Sikujua."

Wakatikisa vichwa. Gonpei alimfunika mabega kwa taulo, kama mtoto au mgonjwa, akamrudisha majini asipate baridi.

Wiki ile mji ulikuwa na hadithi mpya. Wanawake walimwinamia zaidi barabarani. Mama wa kaunta ya hamamu alimpa chupa ya maziwa baridi na hakutaka pesa yake. "Kaka kama wewe," alisema, "siku hizi hawazaliwi." Magosaku alisimama na ile chupa mkononi hata ikapata joto.

Basi akaandika barua. Hakuwa mtu wa barua, ilimchukua siku tatu, na Shige alimsikia akichana karatasi. Alimwandikia Hatsue yote: mstari mmoja, saba badala ya sita na nane, maneno ya juu ya paa, zile "sawa" alizowaambia wenye nyumba, kicheko cha hamamuni. Hakuomba msamaha mwishoni. Alisema tu kwamba binti yao ajue baba yake alikuwa fundi bora kuliko yeye.

Jibu lilikuja mwisho wa mwezi wa pili, theluji imefika madirishani. Mwandiko wa Hatsue ulikuwa mdogo na safi. Alishukuru sana. Alisema marehemu alikuwa akiwasimulia habari ile mara kwa mara, binti yao akikosea kazi ya shule. Alikuwa akisema, mimi siku moja nilikata mstari wa ndani mbele ya mji mzima, na kaka yangu hakunifukuza, alinivumilia miaka miwili. Alisema binti alilia kusoma barua ya baba mkubwa, kwamba hata sasa bado anataka kumbebea mdogo wake mzigo. Alisema wataiweka barua hiyo kwenye madhabahu ya nyumbani, mbele ya picha yake.

Magosaku aliisoma mara mbili. Aliikunja kwenye mikunjo yake ileile.

"Anasemaje?" Shige aliuliza, akigeuza samaki juu ya makaa.

Aliirudisha barua kwenye bahasha, akabana ukingo wake kwa kidole gumba tena na tena, mpaka samaki wakaanza kunuka kuungua.

"Anasema asante."